Mipapai inachanua lakini haishiki: nondo wako wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Muheza, Tanga, nina mipapai ya kienyeji kama 200. Mwanzo ilizaa mpaka tukaiwekea miti ya kuegemea. Mwaka jana mume wangu alikata mipapai dume akisema haizai, inakunywa maji bure. Tumebakiza sita tu. Tukafyeka na kichaka cha bondeni tupate pa kupanda mihogo. Sasa mipapai jike inachanua vizuri ila maua yanapukutika, na vipapai vichache vinavyobaki ni vidogo, ukivipasua havina mbegu. Duka la pembejeo wameniuzia mbolea ya maji, sioni tofauti. Je, nikiweka mzinga wa nyuki itasaidia?

JIBU: Dada, hivyo vipapai visivyo na mbegu ndivyo vilivyonionyesha njia. Ua jike lisipopata chavua, yaani ule unga wa ua dume, huanguka, au huacha kitunda kilichodumaa ambacho ndani ni kitupu. Mbolea haiwezi kulitibu hilo.

Lakini usiniamini hivi hivi. Asubuhi chuma maua dume yaliyofunguka, yabandue petali, yaani vijani vyeupe vya ua, mpaka vichwa vya njano vyenye unga vionekane, kisha vipapase taratibu juu ya ua jike, pale katikati penye vitawi vitano vilivyopasukapasuka kama matumbawe. Fanya maua kumi, funga uzi mwekundu kwenye vikonyo vyake. Ngoja wiki mbili. Yenye uzi yakishika na mengine yakianguka, umepata mchawi wako. Yote yakianguka, niandikie tena tuzungumze habari ya maji na maradhi.

Anayetakiwa kuifanya kazi hiyo shambani kwako ni nondo. Si nondo za kumwagia zege, na si yule mdogo anayezunguka kibatari. Huyu ana mwili mnene kama kidole, mabawa membamba yanayotetemeka kwa kasi, na ulimi mrefu anaouviringa kama mkeka. Hatui. Huelea hewani mbele ya ua, akazamisha ulimi, akaondoka. Huja giza linapoingia, kuanzia kama saa 12 na nusu jioni, wakati ambao wakulima wengi tumeshaingia ndani, ndiyo maana hatumjui.

Sasa sikia ujanja wa mpapai. Ua dume lina nekta tamu. Ua jike halina hata tone, ila ni jeupe na lina harufu, basi nondo hudhani ni lile lile. Anazamisha ulimi, anakuta patupu, anaruka zake. Lakini chavua aliyoibeba kutoka kwa dume imeshabaki pale. Kwa hiyo mwambie shemeji kwa upole: mpapai dume hauzai, lakini ndio unaolipa mshahara wa kibarua. Mipapai dume sita kwa majike karibu 200 ni michache mno. Lenga dume mmoja kwa kila majike kumi hivi, na uitawanye shambani, usiirundike pembeni.

Tukija kwenye kichaka, hapo ndipo nadhani mmepoteza zaidi. Mipapai dume mtaipanda upya, lakini nondo hapandwi. Mchana anahitaji pa kujificha, msimu wa maua machache anahitaji maua ya porini, na watoto wake wanahitaji majani ya kula. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, pamoja na Steven Johnson walichunguza mashamba ya mipapai ya Bonde la Kerio, huko huko Kenya, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona: umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, na hali ya uoto wenyewe, vinaathiri uchavushaji wa mipapai unaofanywa na nondo hawa.

Nina hakika watoto wa nondo hao umeshawaua. Yule kiwavi mkubwa wa kwenye viazi vitamu, mwenye pembe moja mkiani, anayewatisha watoto? Ni wa mmojawapo. Akishiba huingia ardhini, akageuka ganda la kahawia lenye mkono kama wa birika, humo ulimi wake unaota. Si kila kiwavi ni kiwavijeshi. Wakiwa wachache usipige dawa. Waokote uwahamishie kwenye vitambaazi vya porini vya jamii ya viazi, vile vyenye maua ya tarumbeta.

Na hao si vibarua wako peke yako. Kuna okidi nyeupe zinazoota juu ya miti, zinanukia usiku, nekta yake iko chini ya mrija mrefu ambao nyuki hafiki. Mwaka 1862 Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliandika kuhusu okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, akatabiri kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo aliandikwa rasmi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Nondo wakitoweka, okidi za aina hiyo hazina wa kuzipapasia maua kwa mkono kama utakavyofanya wewe.

Mzinga weka kwa ajili ya asali na mazao mengine. Kwa mipapai usiutegemee sana: nyuki huvutwa na ua dume, lakini ua jike halina cha kumpa, kwa hiyo hulipita.

Kwa msimu ujao, rudisheni ukanda wa kichaka bondeni, hata hatua kumi za upana. Uacheni uote wenyewe, mihogo isogee. Kila shimo la mpapai pandeni miche mitatu. Mbegu za kienyeji hutoa karibu nusu dume nusu jike, kwa hiyo subirini maua ndipo mpunguze. Na kama shambani mmefunga taa ya sola ya kuzuia wezi, izimeni kwa muda wa saa mbili za mwanzo wa usiku. Nondo huizunguka taa mpaka akachoka, na maua yako yanamsubiri.