Pekupeku au viatu? Inategemea unakanyaga wapi, na mguu ni wa nani

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Mtoto wako wa miaka mitatu anavua viatu kila akivalishwa. Bibi yake anasema aachwe atembee peku miguu ikomae, mama yake hataki hata kusikia. Na wewe mwenyewe kisigino kinakuuma asubuhi, mtu kakushauri uachane na raba utembee peku hadi kipone. Mimi nimekulia peku kule Mbulu, nikafundisha shule ya msingi huko huko kabla ya kuhamia Dar, na sasa nakaa na mama yangu mwenye kisukari. Kwa hiyo nina la kusema kuhusu yote mawili, na majibu yake hayafanani.

Nianze na mtoto. Bibi yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26, lakini kwa mtoto wa umri huo sehemu yake bado ni gegedu, yaani mfupa laini unaoendelea kukomaa, na upinde wa unyayo unajijenga taratibu kadiri anavyotembea, anavyochuchumia na kupanda vitu. Ndiyo maana watoto wadogo karibu wote nyayo zao zinaonekana bapa na wala si ugonjwa. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha matokeo ya kupima alama za nyayo za watoto 2,300 wenye miaka 4 hadi 13. Kwa wanaovaa viatu, 8.6% walikuwa na nyayo bapa. Kwa wasiovaa, 2.8%. Na hao wa viatu, waliokuwa wanavaa vya kufunika vidole ndio walioathirika zaidi kuliko wa ndala na sandozi.

Hili nimeliona darasani pia. Mzazi ananunua viatu vya kukulia, namba mbili juu, mbele vinajazwa karatasi. Mtoto anatembea akiburuza miguu kwa kuwa akiinyanyua kiatu kinabaki. Mwaka unaofuata vinamtosha, unaofuata tena vimembana lakini bado vinang'aa, basi haviachwi. Ukimvua soksi unakuta kidole cha pili kimejikunja juu na kucha ya dole gumba imeingia kwenye nyama. Wazazi nilikuwa nawaambia hivi, na ninakwambia na wewe: chukua kipande cha boksi, msimamishe mtoto juu yake, uzito wake wote uwe chini, chora mguu kwa kalamu ukiishika wima. Kata ule mchoro, nenda nao dukani au kwenye mitumba, uweke chini ya soli ya kiatu. Ukiona boksi linachungulia pembeni, rudisha kiatu hata kama ni kizuri namna gani. Mbele kibaki na nafasi ya upana wa kidole kimoja, na soli uweze kuikunja kwa mkono pale vidole vinapoanzia. Fanya hivyo hivyo kwa miguu yako na viatu vyako vya ofisini. Dada zetu wa michuchumio iliyochongoka mbele, ule mfupa unaojitokeza pembeni ya dole gumba unachochewa sana na kubanwa huko, hata kama umeurithi kwa bibi.

Lakini na mama wa mtoto msimpuuze, kwa sababu hapa shida si mguu, ni ardhi. Minyoo ya safura haingojei mtoto ale mchanga. Viluwiluwi vyake vinapenya kwenye ngozi ya unyayo, vinasafiri kwa damu hadi mapafuni, vinapanda kooni, vinamezwa na kushuka utumboni, na huko vinanyonya damu hadi mtoto anapauka. Palipo na vyoo vibovu au watu wanajisaidia vichakani, peku ni hatari, na hakuna usugu wa unyayo unaozuia hilo.

Funza je? Huyu alivuka na meli kutoka Brazil akafika Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshatambaa hadi kwetu mashariki. Nimefundisha watoto waliokuwa wanatembea kwa kingo za miguu, unyayo haugusi chini, kwa sababu kila kidole kina uvimbe mweupe wenye kitone cheusi katikati. Mtoto wa namna hiyo haruki kamba, na akifika darasani amechoka. Nyumbani wanamchokonoa kwa pini moja inayozunguka kwa ndugu wote, na hapo ndipo maambukizi na pepopunda vinapoingilia. Mpelekeni zahanati. Sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na isakafiwe ikiwezekana, na viatu avae.

Halafu kuna udongo mwekundu wa volkano wa nyanda za juu. Wakulima wanaoukanyaga peku miaka na miaka, Ethiopia, Uganda, Rwanda na Cameroon, baadhi yao miguu huvimba kama ya matende ingawa hakuna mbu aliyehusika. Chembe za udongo wenyewe ndizo zinazopenya. Kinga yake ni kiatu na maji ya sabuni, na inauma kuona mtu anaukosa mguu kwa kukosa vitu hivyo viwili.

Kwa hiyo mtoto: ndani ya nyumba na uani palipofagiwa, peku kwa raha zake. Chooni, jalalani, shambani, barabarani, kiatu chepesi kinachomtosha.

Mchangiaji mmoja hapo juu amemtaja Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, kwamba alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Kweli kabisa. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku. Lakini mwaka 1964 Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, kwa muda bora zaidi. Kilichombeba ni mazoezi. Hata ule utafiti maarufu wa Daniel Lieberman, profesa wa Harvard, wa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba vijana wa Bonde la Ufa Kenya waliokua bila viatu wanakimbia wakitua kwa mbele ya mguu, hausemi kwamba ukivua raba leo utapona. Walikua hivyo tangu utotoni. Mtu wa mjini anayevua ghafla na kukimbia barabarani huishia na nyufa kwenye mifupa ya mbele ya mguu. Kampuni ya Vibram, inayotengeneza vile viatu vyenye vidole, mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai yake kwamba viatu hivyo vina faida kwa afya.

Sasa kisigino chako. Maumivu makali hatua za kwanza ukitoka kitandani, yanapungua ukitembea, yanarudi ukisimama sana: na mimi yalinipata baada ya kuhamia Dar, nyumba ina marumaru kila chumba. Kuna utando mgumu unaoanzia mfupa wa kisigino hadi chini ya vidole, ndio unaoshika upinde. Ukizidiwa unauma. Mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia nivae sandozi zenye soli nene hata ndani ya nyumba hadi nitulie, maana sakafu ya marumaru si udongo wa Mbulu, haibonyei. Kabla ya kushuka kitandani navuta vidole kuelekea kwangu kwa mkono. Naegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, nashikilia sekunde 30, narudia. Kisha nasimama kwenye ngazi na taulo iliyoviringwa chini ya vidole, nainua na kushusha visigino taratibu. Ilichukua miezi, usikate tamaa wiki ya pili. Ulipotulia ndipo nikaanza kutembea peku kwenye mchanga wa ufukweni, dakika chache, nikiongeza kidogo kidogo, na naamini imenisaidia kuuimarisha mguu.

Ila kabla hujafanya lolote pima sukari. Mama yangu alitembea peku shambani maisha yake yote, nyayo zake ngumu na hajawahi kulalamika. Siku moja namuosha miguu nikakuta kichwa cha kimsumari kwenye kisigino, ngozi kukizunguka imekuwa nyeupe, ina unyevu. Nikamuuliza, "Mama, hakikuumi?" Akajibu, "Kipi?" Sugu si ya kulaumiwa: utafiti uliofanyika Kenya na Marekani, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha sugu nene haipunguzi hisia za unyayo wakati wa kutembea. Kisukari ndicho kinachoua mishipa ya fahamu. Kwa mtu wa namna hiyo mjadala umekwisha, peku hapana hata chumbani. Kila jioni namkagua kwa tochi ya simu, unyayo na katikati ya vidole. Viatu tunavikung'uta kabla hajavaa. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko. Magaga yake tunayapaka mafuta, katikati ya vidole hapana, na wembe haugusi sugu.

Vipimo vikitoka salama anza hayo mazoezi. Na mtoto akichomwa na msumari huko uani, osha kwa maji mengi na sabuni, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo na kadi yake ya kliniki waangalie chanjo ya pepopunda.