Gawa programu kwa maamuzi yanayoweza kubadilika, si kwa hatua za kazi

Ndugu muulizaji, nimekuelewa hivi: una programu ya ankara za duka la jumla mjini Mombasa, yote imo ndani ya faili moja lenye mistari zaidi ya elfu mbili, na unataka kuigawa katika moduli tatu, yaani sehemu zinazojitegemea: ya kupokea oda, ya kukokotoa na ya kuchapisha. Unauliza pia kama usome kwanza kanuni za uandishi wa programu zinazofupishwa SOLID, DRY, KISS na YAGNI kabla ya kugusa chochote. Nimetunza mifumo ya mauzo kwa muda mrefu, na nitajibu nikiegemea huko. Swali la pili jibu lake ni fupi: usisubiri. Vifupisho hivyo ni majina ya mazoea ambayo mtu huyaelewa vizuri baada ya kuhangaika na programu isiyokuwa nayo. Ukivikariri mapema, utaishia kubishana na wenzako kuhusu herufi.

Mgawanyo unaoupendekeza ndio unaomjia karibu kila mtu kwanza, kwa kuwa unafuata mtiririko wa kazi. Mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliuchambua mwaka 1972 kwa mfano wa programu ndogo inayopokea mistari ya maandishi, ikazungusha maneno ya kila mstari hadi kila neno lipate zamu ya kutangulia, kisha ikaipanga mistari yote kwa alfabeti. Aliigawa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza kila hatua ilikuwa moduli yake, lakini moduli karibu zote zilitegemea namna mistari ilivyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hivyo namna hiyo ikibadilika, zote ziliguswa. Katika njia ya pili kila moduli ilipewa uamuzi wake wa kuuficha, na nyingine hazikuwa na haja ya kuujua. Kwa maoni yangu kanuni nyingi zinazotajwa siku hizi ni matawi ya wazo hili, kwa hiyo anza nalo: jiulize ni jambo gani linaweza kubadilika, kisha ulifungie mahali pamoja.

Katika ankara, jambo la kwanza ni kodi. Kenya ilishusha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha kwenye 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo mmoja niliokabidhiwa kuutunza ulikuwa umeandika 1.16 mahali pengine, 0.16 kwingine, na 16/116 pale ambapo bei ilikuwa tayari imejumuisha kodi, kwa hiyo hata kuitafuta namba hiyo ndani ya faili hakukutosha. Ilibidi kusoma mstari kwa mstari. Waliokuwa waangalifu zaidi walikuwa wameweka kiwango katika kigeu kimoja (jina linalobeba thamani) juu ya faili, wakakibadilisha asubuhi ya tarehe 1 Aprili, wakadhani kazi imekwisha. Lakini mteja aliyenunua bidhaa mwishoni mwa Machi akazirudisha Mei anastahili hati ya marejesho yenye asilimia 16, na ankara ya Februari ikichapishwa upya haipaswi kubadilika hata senti moja.

Kinachotakiwa, basi, ni fanksheni, yaani kipande cha programu kinachopewa swali na kurudisha jibu, inayoulizwa tarehe, tuseme kiwangoChaVAT(tareheYaMauzo), nayo inasoma jedwali dogo la viwango na siku vilipoanza kutumika. Msimbo wote uliobaki usijue kabisa kwamba namba 16 ipo duniani. Majaribio yake ni rahisi mno hata huna kisingizio cha kuyaacha: tarehe 31 Machi 2020 irudishe 16, tarehe 1 Aprili irudishe 14, tarehe 31 Desemba irudishe 14, na tarehe 1 Januari 2021 irudishe 16. Hitilafu hupenda kujificha mipakani, kwa hiyo majaribio manne ya mipakani yananipa utulivu kuliko arobaini ya katikati ya mwaka.

Uamuzi wa pili ni wa kuviringisha senti, nao huwa hauonekani mpaka mhasibu apige simu. Chukua bidhaa ya shilingi 50 ambayo bei yake imejumuisha VAT ya asilimia 16. Kodi yake ni 50 mara 16 gawa kwa 116, yaani takriban 6.8966, ambayo tunaiviringisha kuwa 6.90. Mistari kumi ya namna hiyo ina kodi ya shilingi 69.00. Ukijumlisha kwanza, ukapata shilingi 500, kisha ukakokotoa, unapata 68.97. Senti tatu zimepotea, na ikiwa moduli ya kukokotoa inaviringisha kila mstari ilhali ile ya kuchapisha inaviringisha jumla, ankara itapingana na leja kila siku. Njia ya kufuata ichaguliwe na mhasibu. Wajibu wako ni kuhakikisha imeandikwa mahali pamoja tu. Hapa ndipo mgawanyo wako wa hatua tatu unapokwama, kwa sababu uamuzi huu ungeingia katika moduli mbili bila mtu kukusudia. Vilevile hifadhi fedha kama senti kwa namba kamili: kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida hupata 0.30000000000000004, na hutaki kumweleza mhasibu huyo hilo nalo.

Kuhusu DRY («usijirudie»), tahadhari. Wengi huisoma kama amri ya kutorudia mistari inayofanana, ilhali inahusu kutorudia maarifa. Ankara na hati ya kupokelea mizigo hufanana sana zikichapishwa: jina la duka, jina la mteja, orodha ya bidhaa, nafasi ya sahihi. Nimeona fanksheni moja ikitumika kwa zote mbili, kisha ghala likataka bei zisionekane, dereva akataka namba ya gari ionekane, na mwishowe mwito wake ukawa chapisha(hati, ndiyo, hapana, hapana, ndiyo, hapana). Hakuna aliyekumbuka «hapana» ya tatu ilimaanisha nini. Hati hizo zinabadilika kwa sababu tofauti na kwa matakwa ya watu tofauti, kwa hiyo ziache ziwe fanksheni mbili hata kama leo mistari ishirini inalingana.

Malipo ya simu yanafuata mkondo uleule. Majibu ya M-Pesa huja na kigezo kiitwacho ResultCode, ambapo sifuri ni malipo yaliyofanikiwa na 1032 ni mteja aliyeghairi. Namba hizo zisivuke moduli inayozungumza na mtandao wa simu. Ndani ya programu yako kuwe na «yamelipwa», «yameghairiwa» na «hayajulikani» tu. Hiyo ya tatu usiisahau, kwani jibu linaweza kuchelewa, kutofika au kufika mara mbili, na la mara ya pili lisimwandikie mteja malipo mapya. Majina ya biashara nayo yasiingie katika majina ya safu za hifadhidata: Tigo Pesa ya Tanzania ilibadilika kuwa Mixx by Yas mwaka 2024, na mwenye safu iitwayo tigopesa_jumla sasa ana cha kuwaeleza wageni. Hata hivyo usijenge leo kiolesura cha kubeba mitandao kumi wakati duka lako linatumia mmoja. Hapo YAGNI («hutakihitaji») ina haki yake.

Kwa faili lako, ningefuata utaratibu huu. Kabla ya kuhamisha mstari wowote, chukua ankara za kweli za duka hilo, zikiwemo za mwaka 2020 ikiwa zipo, uhifadhi matokeo yake kama yalivyo, na uyalinganishe baada ya kila badiliko. Toa kodi kwanza, kisha uviringishaji, kisha malipo, kila kimoja kwa komiti yake (badiliko lililohifadhiwa peke yake katika historia ya programu) ili ukiharibu ujue pa kurudi. Ukigundua kwamba ankara za zamani zina makosa, usiyasahihishe katika komiti ileile ya kuhamisha msimbo. Yaandike pembeni umpelekee mwenye duka. Sehemu ya kuchapisha iache ndani ya faili kubwa, hata kama inaudhi macho, mpaka siku mtu atakapotaka ibadilike.