Je, nyoka kipofu wako wa Haiti ni spishi mpya?

Ndugu, umeuliza kama nyoka kipofu mliyemwokota chini ya jiwe kule Haiti, mwembamba na mweusi kuliko wa vitabuni, anafaa kupewa jina jipya. Kwa rangi na unene pekee, hapana. Rangi yenyewe hupauka ndani ya spiriti ya kuhifadhia.

Kwanza mwondoe mgeni: Indotyphlops braminus, yule wa vyungu vya maua, aliyesambaa visiwani pamoja na miche (hata huku pwani yetu yupo). Ana safu 20 za magamba kuzunguka mwili, na wote ni majike wanaotaga bila dume. Weka kichwa chini ya darubini, fuata mshono (mstari kati ya magamba) unaoshuka kutoka tundu la pua. Kwa braminus unagusa gamba lililo mbele ya jicho. Kwa Typhlops, nyoka vipofu wenyeji wa Karibi, kwa kawaida unaishia kwenye gamba la pili la mdomo wa juu. Usiharakishe hapa, kichwa ni kidogo mno na mwanga mbaya hudanganya.

Ukiona si braminus, hesabu safu za magamba mbele, katikati na karibu na mkia, kisha magamba ya mgongoni toka pua hadi mkia, kwa vielelezo kadhaa. Linganisha na jamaa zake wa karibu. Mtaalamu wa reptilia Hedges alipomweleza Tetracheilostoma carlae, nyoka-uzi mdogo wa Barbados, mwaka 2008, alimpambanisha na wenzake wa Martinique na Saint Lucia.

Holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina jipya, ikae makumbusho, na ukichapisha mtandaoni tu, sajili kwanza ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama.