Bao la jioni: ninavyowafanya wanafunzi wangu wa ushonaji waone walipokwama

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili vijana unaowafundisha ufundi wajifunze kutokana na kazi ya siku, maana ukiwauliza jioni "leo mmejifunza nini?" wanakujibu "mengi" basi. Umesema pia umesoma habari za watu wanaotumia matofali ya Lego, yale ya plastiki ya kuchezea watoto, kwenye vikao, ila bei imekushinda. Mimi nafundisha ushonaji Morogoro, nina mabinti watatu, na ninachotumia ni bao.

Nilianza na daftari. Wakawa wanaandika kile walichodhani nataka kukisoma, nikaliacha.

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Tuko wanne, kwa hiyo kila mtu ana safu yake. Mashimo tumeyapa hatua za nguo: kupokea mteja, kupima, kuchora, kukata, kushona, kumalizia, pasi, kukabidhi. Kabla ya kufunga, kila mmoja anachukua komwe nane, anazigawa pale palipomsumbua. Shimo lililojaa ndilo analolisimulia. Mimi ndiye naanza, na sifichi: nikiharibu kitambaa cha mtu, komwe zinakaa hapo wanaziona. Tafadhali usizihesabu kama maksi. Wiki ya kwanza nilifanya hivyo, kesho yake kila shimo likawa na komwe moja, hakuna la kuzungumza.

Kuna binti alifumua gauni la satini mara tatu, mkono unakataa kukaa. Jioni akamimina komwe sita kwenye kushona. Nikamwambia atusimulie huku amezishika. "Nikapachika wa kushoto, ukakaa. Wa kulia ukavuta kwa mbele…" Akanyamaza. Akaanza kuzihamisha, moja moja, hadi shimo la kukata. Alikuwa amekata mikono miwili ya upande mmoja! Miezi yote alikuwa anashona vitenge, na kitenge rangi imeingia pande zote mbili. Ukikosea hivyo unageuza tu mkono, kazi inaendelea. Satini ina uso na mgongo, ukiigeuza kila mtu anaona. Kosa alikuwa nalo tangu mwanzo, kitenge kikamfichia. Na mimi mwalimu wake nilipita mezani pake mara mbili siku ile, sikuliona.

Ningemwambia mimi, angeitikia "sawa mwalimu" na kesho angerudia. Siku hizi kabla hajashika mkasi analaza vipande vyote viwili, uso kwa uso, anavipapasa kwanza.

Ijumaa bao linapumzika, tunatega vitendawili vya makosa ya wiki. Ijumaa ile yeye ndiye aliyeanza.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina pacha, wote mashoto."

Tukahangaika weee, tukashindwa. Akataka mji, tukampa Tanga. Akakaa huko kidogo, akala machungwa yake, akarudi na jibu: mikono ya gauni la satini.