Muulize Fundi: Land Cruiser imepandishwa, usukani wapiga degedege

SWALI: Fundi, asalaam alaykum. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, ya dizeli. Mwaka jana niliipandisha inchi mbili, springi na shoki zote mpya, nikaivisha matairi ya matope ya inchi 33, maana shughuli zangu ziko Kinango na mvua ikinyesha huko hakupitiki. Tangu hapo, nikiwa kwenye kilomita 80 na gurudumu moja likikanyaga kishimo au kiungo cha daraja, kama pale Mtwapa, usukani huanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu hata kuushika ni kazi. Dashibodi yote yatikisika. Haukomi mpaka nishuke kama 40. Mke wangu amesema hapandi tena. Nimebalansi matairi, nimepeleka kwenye alaimenti wakaniambia iko sawa. Fundi mmoja akaniwekea shoki mpya ya usukani, ikatulia kitambo, sasa mambo yamerudi yaleyale. Je, ninunue shoki kubwa zaidi?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usinunue. Shoki ya usukani kazi yake ni kulainisha mitikiso midogo ya barabara ya kokoto. Ukiibebesha mpigo kama huo wako itakufa mapema, na ndivyo ilivyokuwa. Aliyekufungia alilinyamazisha gari tu, ugonjwa akauacha palepale.

Mkeo naye ana haki. Mpaka ulipekue gari kama nitakavyokueleza, usilipeleke barabara kuu. Degedege likikushika tena njiani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara huku vidole gumba viko nje (ukizunguka ghafla usije ukakuvunja), punguza mwendo taratibu kisha toka kando. Wako madereva wanaoongeza mafuta eti walipite. Hao usiwasikilize.

Sasa tuje kwenye chanzo. Ekseli ya mbele ya 80 ni kipande kimoja toka gurudumu hadi gurudumu. La kushoto likitikiswa, la kulia linapata habari papo hapo kupitia ekseli na tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja), nalo linajibu. Viungo vikiwa vimebana, mtikiso unazimika. Kiungo kimoja kikiwa na uwazi, unarudi na kukua kila unaporudi. Jirani yako mwenye Prado ya 1996 kuja juu hatakuelewa, kwa sababu gari lake limefungwa kila gurudumu la mbele na mikono yake.

Tairi lisilobalansi lina tabia nyingine: linatetemesha kwenye mwendo fulani, ukizidisha au ukipunguza linaacha, wala halingoji shimo. Lako linangoja shimo, na likishaanza haliachi. Kwa hiyo mimi natafuta uwazi. Tairi kubwa ni mchokozi tu. Lingekuta vyuma vimebana lisingefika popote.

Tafuta msaidizi na mahali pa sementi palipo sawa. Usiweke jeki. Gari lisimame kwa miguu yake, handibreki juu, injini iwake ili usukani uwe mwepesi. Msaidizi aukate usukani kushoto na kulia, kidogo tu, bila kuchoka. Wewe lala chini na tochi, shika kila kiungo kwa kiganja, kimoja kimoja: boksi ya usukani pale inapofungwa na chesi (fremu ya gari), ncha za fimbo inayotoka kwenye boksi, ncha za tairodi nyuma ya ekseli, kisha panhadi. Macho pekee hayatoshi. Mkono husikia mgongano mdogo ambao jicho halitauona. Chunga vidole lakini, vyuma hivyo vinabana.

Kwenye panhadi kaa zaidi. Ni ule mtarimbo uliolala kutoka chesi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili, nao ndio unaoizuia ekseli isitembee kushoto na kulia. Kwa gari lililopandishwa mimi humshuku huyu kabla ya wote. Hivi karibuni nilikuwa chini ya 80 nyingine hapa Changamwe. Nati ya panhadi upande wa chesi ilikuwa imekaza, spana haiisogezi, na mwenye gari alikuwa ameapa kwamba kila kitu kimekazwa. Usukani ulipotikiswa, unga mwekundu wa kutu ukaanza kudondoka kando ya washa, punje kwa punje. Bolti tulipoitoa ilikuwa na kiuno. Tundu la breketi nalo limerefuka, si duara tena, na nati ilikuwa imebana kutu badala ya chuma. Sisi wa pwani chumvi inatula bolti kutoka ndani, kwa hiyo usimuamini mtu anayekuambia amekaza bila kuitoa. Tundu likishalegea hivyo, bushi mpya (ile raba ya kwenye kiungo) haisaidii kitu. Breketi ichomelewe na kutobolewa upya kwa kipimo, bolti iwe mpya ya ukubwa sahihi. Pitisha tochi pia kwenye welding ya breketi hiyo, uangalie kama kuna ufa.

Halafu jeki. Inua gurudumu la mbele, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, ujaribu tena. Uchezaji ukipotea, ni beringi za gurudumu, unakaza au unabadilisha. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile mbili za juu na chini kwenye kifundo kinachogeuza gurudumu. Hizi zikikauka grisi au zikipoteza mbano, gari hupiga hasa hivyo unavyolia. Mbano wake hurekebishwa kwa vibati vyembamba, na hupimwa kwa kukivuta kifundo kwa mizani ya ndoana ya aina ileile ya wauza samaki. Kiwango kimo kwenye kitabu cha matengenezo cha gari. Fundi atakayekuambia anaujua mbano kwa mkono, muombe mizani. Kisha shika tairi kushoto na kulia, hapo unazijaribu ncha za tairodi.

Kuna jambo moja la aliyekupandishia gari. Bushi za mikono ya ekseli (ile inayoifunga ekseli na chesi) na za panhadi ni raba iliyoshikana na chuma pande zote. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki, ukishusha gari raba inabaki imejipinda siku zote, na haichukui muda inapasuka. Legeza bolti zote hizo, shusha gari, lirushe rushe kidogo, ndipo ukaze. Kama raba tayari ina nyufa, badilisha.

Wale wa alaimenti hawakukudanganya, ila waombe karatasi. Kwa ekseli nzima wengi husoma tu kama matairi yanaelekeana sawa, kwa kuwa hicho ndicho kinachozungushika. Kasta haina nati ya kuzungusha, basi wanaipita. Nayo ni ule mlalo wa kingipini ukilitazama gari kwa ubavu: juu imelalia nyuma kidogo, na ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. 80 ilitoka kiwandani na kama digrii 3. Kuipandisha kunaizungusha ekseli na kuula mlalo huo, kwa makadirio digrii moja kwa kila inchi. Ukiona gari linazurura barabarani na usukani haurudi wenyewe, kasta yako imekwisha. Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni, zinazoshindiliwa kwenye mikono ya ekseli upande wa mbele. Lakini zifunge baada ya kumaliza uwazi. Wapo wanaoanza na kasta kwa sababu ni spea mpya inayong'aa, kisha wanashangaa degedege lipo palepale.

Hukuniambia habari za rimu. Kama ulinunua zile pana zinazolitoa tairi nje ya bodi, jua kwamba kila shimo sasa linaupiga usukani kwa mkono mrefu zaidi. Rudisha rimu za kampuni walau kwa majaribio. Shoki ya usukani uliyonayo iondoe wakati wa kupima, kwa sababu inaficha. Gari likitembea salama bila hiyo kwenye mwendo mdogo na vyuma vyote vimebana, ndipo uirudishe.

SWALI: Fundi, gari langu limepandishwa pia lakini halikuwahi kunisumbua. Jumapili nimetoka shamba Kwale, matope mpaka magotini. Jumatatu usukani ukaanza kutetemeka nikifika 70. Niende gereji?
Mama Shamba, Likoni

JIBU: Bado, mama. Toa magurudumu yote manne uyaangalie kwa ndani, upande wa breki. Udongo ule ukikauka ndani ya rimu huganda bonge upande mmoja, na kuosha gari kwa nje hakuuondoi. Kwangua kwa kijiti, usitumie bisibisi ukakwaruza rimu, kisha mwaga maji ya kutosha. Tazama pia kama risasi za balansi zimeng'oka. Mahali zilipokuwa hubaki alama safi ya gundi. Ukimaliza hayo na bado unatetemeka, peleka kwenye balansi, na ukirudi niandikie ni kwenye mwendo gani unaanza na ni kwenye mwendo gani unaacha.