Uzio wa kuku 20: usikubali chini ya mita 4 kwa 5

Dada, umesema kuku wako 20 hapo Isevya wamebanana kwenye uzio wa mita 2 kwa 3, na fundi anataka akujengee wa 3 kwa 4. Mkatalie. Kila kuku mpe kama mita moja ya mraba nje, kwa hiyo anzia 4 kwa 5. Kama eneo lipo, fanya 5 kwa 6, maana wataongezeka tu. Wakibanana wanadonoana manyoya, na masika yote wanakanyaga tope.

Ila ukubwa haukusaidii kama nguchiro anaingia. Kwangu alipita chini ya wavu. Asubuhi nikakuta kashimo, mchanga umefukuliwa, na matetea wangu watatu wamelala, shingo zimetafunwa. Iliniuma sana. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, mnyama anaupenya au anauchana. Chini, mpaka usawa wa magoti, weka wavu wa nyaya nene zilizochomelewa, matundu ya nusu inchi, na uufukie sentimita 30. Juu funika pia, mwewe hana adabu kwa vifaranga.

Nguzo za miti hapa Tabora mchwa hawaziachi, bora mabomba ya chuma. Mlango uwe wa kuingia umesimama, la sivyo kufagia kutakushinda. Ule mwembe wako uuache ndani ya uzio, kivuli chake kitawafaa sana mwezi wa kumi.