Kumchagua mhandisi mshauri wa mabwawa ya majitaka

Ndugu yangu, umeuliza mamlaka ya maji ya mji wenu mdogo imchagueje mhandisi mshauri wa mabwawa ya kusafishia majitaka. Hapa Tanzania hakikisheni kwanza amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bei ya chini isiwapumbaze.

Muulizeni atapataje takwimu za mtiririko, yaani kiasi cha majitaka kitakachoingia kwenye mabwawa. Nimeona mji ambao majitaka yake yalikadiriwa kwa idadi ya watu tu: nyumba chache ziliunganishwa, mabwawa yakabaki nusu matupu. Inaniuma hadi leo. Apime kiangazi na masika, ahesabu pia magari ya kunyonya vyoo. Tope linaloletwa na magari hayo ni zito kuliko majitaka ya kwenye mabomba. Likimwagwa moja kwa moja, bwawa la kwanza hujaa upesi. Daini vitanda, yaani sehemu bapa, vya kukaushia tope hilo.

Bwawa la kwanza kwa kawaida lina kina cha mita 2 hadi 5; linalofuata mita 1 hadi 2, ili jua lipenye na mwani utoe oksijeni. Michoro ionyeshe pia tope litatolewaje na kupelekwa wapi, maana hapo ndipo wengi hunyamaza.